Pima Kabla ya Kulipia Kasi: Mada kwa Watumiaji wa Intaneti Wenye Kompyuta za Zamani



Tunawashukuru kwa kuitikia wito wetu, na zaidi tunawashukuru ninyi mliokuja na kompyuta zenu mkononi, nyingine zikiwa na vitufe vilivyofutika herufi na nyingine zisizowaka bila kuchomekwa kwenye umeme. Tutazungumza juu ya jambo moja tu: namna ya kujua, kwa tarakimu, kasi mnayoilipia inapotelea wapi, pindi kompyuta iliyo mezani ni ya miaka kumi au kumi na mitano iliyopita.

Tuanze na malalamiko mawili yaliyotufikia, kwa sababu yanaelekea pande mbili tofauti.

Mama mmoja anayeendesha duka la steshenari alikuja kwetu akiwa na stakabadhi za miezi minne. Kazi yake kubwa ni kuwajazia vijana fomu za maombi ya vyuo na mikopo mtandaoni, na kompyuta yake ni ya mezani, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kurasa zilipokuwa zikichelewa kufunguka, alihama kutoka kifurushi cha megabiti 10 kwenda cha megabiti 30. Hakuna kilichobadilika. Vijana waliendelea kusubiri kwenye benchi, na wengine wakaondoka kwenda duka la jirani. Tulipopima tukiwa dukani kwake, kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya, tulipata megabiti 28. Tulipochomoa waya na kurudi kwenye kifaa chake kidogo cha waifai, kilichochomekwa nyuma ya kasha la chuma karibu na ukuta, tulipata 6. Mtoa huduma alikuwa akileta alichoahidi. Kasi ilikuwa ikifia ndani ya duka, hatua chache kutoka kwenye ruta, na kwa miezi minne mama huyu alikuwa amelipia megabiti 20 za ziada ambazo hazikuweza kuifikia kompyuta yake hata siku moja.

Mwalimu mmoja wa sekondari yalimkuta ya kinyume. Kila alipompigia simu mtoa huduma, alijibiwa kwamba kompyuta yake mpakato ni ya zamani, hivyo anunue nyingine. Alikuwa amekwisha chukua fomu ya mkopo kwenye chama chake cha akiba na mikopo. Tulimwomba apime kwa siku tatu kabla ya kuijaza. Saa 11 alfajiri kompyuta ile ile ilipata megabiti 19 kati ya 20 alizokuwa akilipia. Saa 2 usiku ilipata 2. Kompyuta haizeeki kila jioni ikarudia ujana alfajiri.

Wote wawili walikuwa na kompyuta kuukuu. Kwa mmoja kosa lilikuwa kwenye vifaa vyake, kwa mwingine uzee wa kompyuta ulikuwa kisingizio, na hakuna ambaye angeweza kutofautisha hali hizo mbili kwa kuzitazama kompyuta zenyewe. Kwa sababu hiyo, kwa maoni yetu, maneno “kompyuta yako ni ya zamani” si jibu, yatoke kwa mtoa huduma, kwa fundi au kwa mwenye kompyuta mwenyewe. Ni dhana inayosubiri kipimo.

Kabla ya kupima, tuelewane juu ya vizio, maana malalamiko mengi huishia hapa. Watoa huduma huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde. Kivinjari kinapopakua faili, huonesha megabaiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 20 akiona kwenye kioo chake tarakimu 2.4, asidhani ameibiwa: 20 gawanya kwa 8 ni 2.5, na kidogo kinachopungua ni anuani na taarifa za usafirishaji zinazoambatana na kila kipande cha data. Faili la megabaiti 700 kwenye laini hiyo litachukua, hali ikiwa njema kabisa, dakika 4 na sekunde 40. Hesabu hii ifanyeni kwa kalamu kabla ya kumkasirikia mtu yeyote. Someni pia neno “hadi” katika mkataba. “Hadi megabiti 20” ni dari, na vifurushi vingi vina kifungu kinachoruhusu kasi kupunguzwa baada ya mtumiaji kufikia kiasi fulani cha data katika mwezi.

Sasa kipimo chenyewe. Ziko huduma za bure zinazojulikana, zikiwamo Speedtest na Fast.com, ambazo hufunguliwa kwenye kivinjari na kutoa tarakimu za kupakua, za kupakia na za muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Tahadhari kwa wanaolipia data kwa kiasi: kupima ni kutumia. Kwenye laini ya megabiti 50, sekunde 10 tu za upande wa kupakua humeza takriban megabaiti 62, na upande wa kupakia bado haujahesabiwa.

Kipimo cha kwanza kifanyike kwa waya, kompyuta ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na ruta, simu na televisheni za nyumbani zikiwa zimeondolewa kwenye waifai. Hili la kuondoa vifaa vingine watu hulipuuza, kisha wanapima kilichobakizwa na mtoto anayetazama video chumbani. Fungeni programu nyingine zote, na kama kompyuta imewashwa sasa hivi baada ya kulala kwa wiki mbili, isubirini. Kompyuta ya namna hiyo huanza mara moja kupakua masasisho iliyoyakosa, tena kimyakimya. Kisha rudieni kipimo kile kile kwa simu mpya zaidi iliyo karibu na ruta. Fanyeni hivyo alfajiri, mchana na saa 2 usiku, kwa siku tatu. Andikeni kila tarakimu, hata ile isiyowapendeza.

Tukiri kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuaibika. Tulikwenda kupima kwa mlalamikaji mmoja tukiwa na waya wetu, tukapata kasi ndogo, tukamwandikia mtoa huduma barua kali. Waya wetu ndio uliokuwa mbovu. Tangu siku hiyo tunatembea na nyaya mbili, na kila kipimo kinachotia shaka tunakirudia kwa waya wa pili.

Vipimo vikionesha kwamba simu na kompyuta yenye waya zinapata kasi ndogo kwa pamoja, hasa jioni, basi tatizo liko nje ya nyumba, na mnaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye maelezo yetu ya mwisho. Simu ikipata kasi nzuri na kompyuta ikakosa, tuingie ndani ya kompyuta.

Swali la kwanza ni dari ya muunganisho. Katika Windows, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni ncpa.cpl, kisha mbofye mara mbili muunganisho unaotumika. Dirisha litakalofunguka lina mstari wa kasi. Kasi hiyo ni ya kati ya kompyuta na ruta, si ya intaneti, lakini hakuna intaneti inayoweza kuizidi. Kadi nyingi za mtandao za kompyuta za zamani hukomea megabiti 100, kiwango kilichowekwa mwaka 1995, na kwa vipimo vya kawaida hutoa takriban 94. Mwenye kifurushi cha 30 hana sababu ya kuibadilisha kadi hiyo, hata fundi amwambie nini. Mwenye kifurushi cha 200 anayo. Dirisha likisema 100 wakati kadi na ruta zote zina uwezo wa gigabiti moja, tazameni waya: gigabiti huhitaji nyuzi zote 8 zilizomo ndani, ilhali megabiti 100 hutosheka na 4, hivyo waya wenye uzi mmoja uliokatika huweza kufanya kazi kwa miaka bila mtu kugundua. Na dirisha likisema 10, badilisheni waya kabla ya jambo lingine lolote.

Yuko adui mwingine wa kompyuta kuukuu, aliye mgumu kumtambua. Kadi ya mtandao na ruta hupatana zenyewe namna ya kuzungumza: ama wote wawili kwa wakati mmoja, ama kwa zamu. Zamani baadhi ya mafundi walizoea kuilazimisha kadi kwa mkono iwe kwenye mtindo mmoja. Kadi iliyolazimishwa kuzungumza wakati wowote huacha kushiriki katika mapatano hayo. Ruta isiyopata jibu hudhani mwenzake ni wa zamu, nayo hungoja zamu. Matokeo yake ni mazungumzo ya watu wawili wanaokatizana. Ukurasa mdogo hufunguka vizuri kabisa, kisha faili kubwa hutambaa kama konokono. Dawa ni kuurudisha mpangilio wa kadi kwenye hali ya kujichagulia yenyewe. Haigharimu hata shilingi moja.

Waifai ndiyo iliyomponza mama wa steshenari. Kifaa chake kilikuwa cha kizazi cha mwaka 2003, kinachojinadi kwa megabiti 54. Tarakimu hiyo ni ya kwenye kasha. Hewani, kikiwa karibu na ruta na pasipo majirani, hutoa kati ya 20 na 25, na nyuma ya bati la chuma hutoa kile tulichokiona. Waya mmoja wa mita chache ulimaliza shauri. Asiyeweza kupitisha waya ajaribu kukitoa kifaa nyuma ya kasha kwa kutumia waya mfupi wa kurefusha tundu la USB, akiweke juu ya meza. Atazame pia chaneli: katika masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na vifaa hivyo, ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana, na katika jengo la wapangaji wengi huenda ruta zote zimerundikana kwenye moja.

Hapo kwenye waifai pana jambo moja ambalo hata mafundi wengi hulikosa. Ruta za kizazi kilichofuata, cha mwaka 2009, hupita megabiti 54 kwa sharti kwamba nywila yake inalindwa kwa mfumo wa WPA2 wenye AES. Mtu akiiacha kwenye mfumo wa kale wa WEP au TKIP, labda ili kompyuta moja kongwe iweze kuingia, vifaa vingi hurudi kwenye dari ya 54, na nyumba nzima hulipia ukongwe wa kifaa kimoja. Tena mfumo wa WEP umekwisha vunjwa siku nyingi, na jirani mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya dakika chache kuingia. Kompyuta isiyoweza kutumia WPA2 ipewe waya.

Tufike sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wengi wengine, nalo ni umbali. Data haitumwi kwa mkupuo. Mtumaji hutuma kiasi fulani, kisha hungoja mpokeaji akiri kwamba amepokea, ndipo aendelee. Kiasi anachoruhusiwa kutuma kabla ya kungoja hupangwa na kompyuta inayopokea. Windows XP, iliyotengenezwa mwaka 2001, kwa kawaida ilipanga baiti 17,520 kwenye kadi ya megabiti 100. Seva ikiwa jirani, na ujumbe kwenda na kurudi ukichukua milisekunde 10, kiasi hicho hutosha kufikia karibu megabiti 14 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, na tuchukulie milisekunde 150, kompyuta hiyo hiyo, kwenye laini hiyo hiyo, haiwezi kuvuka megabiti 1 kwa kila faili inayopakua. Mnaweza kununua kifurushi cha 100. Bado itakuwa chini ya 1.

Wakubwa wetu wanakumbuka kwamba hadi Julai 2009, kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilipoanza kazi Dar es Salaam na Mombasa, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipita kwenye setelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu, ambako kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Hesabu iliyotangulia ikifanywa kwa nusu sekunde ndipo mtu anaelewa kwa nini vijana wa kahawa za intaneti walikuwa wakianza kupakua faili jioni na kurudi asubuhi.

Kuanzia Windows Vista, kompyuta hukipanua kiasi hicho yenyewe kadiri umbali unavyohitaji. Tatizo ni kwamba bado zinazunguka programu zinazodai “kuongeza kasi ya intaneti”, na baadhi yake huzima upanuzi huo. Mwenye Windows 7 au ya baadaye afungue dirisha la amri na kuandika netsh interface tcp show global. Mstari unaotaja Receive Window Auto-Tuning Level unapaswa kusema normal. Ukisema disabled, aandike, akiwa na ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal. Tumekwisha kuona kompyuta ya miaka kumi ikipona papo hapo kwa mstari huo mmoja.

Na hapa vipimo vya kwenye kivinjari vinaweza kuwapotosha. Speedtest kwa kawaida huchagua seva ya karibu, tena hufungua njia kadhaa kwa wakati mmoja. Tatizo la umbali halionekani kabisa. Mtumiaji huona megabiti 28 kwenye kipimo, kisha faili kutoka ng’ambo hujikokota, naye hawezi kueleza kwa nini. Pimeni mara mbili: mara ya kwanza kwa seva ya karibu, mara ya pili mkichagua wenyewe seva ya bara jingine na njia moja tu, kwa kuwa huduma hiyo inaruhusu. Pengo kubwa kati ya tarakimu hizo mbili ni ushahidi wa kuanzia.

Wanaoendelea kutumia Windows XP tuwaeleze waziwazi kwamba msaada wake ulikoma tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifuata tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya namna hiyo isitumike kwa benki wala kwa nywila za wateja, hata kasi yake ikiwa nzuri. Lakini kuacha Windows hiyo hakumaanishi kuitupa kompyuta. Fundi anaweza kuiwasha kwa mfumo wa Linux uliowekwa kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo, na kupima tena. Kasi ikirudi, kadi na waya ni vizima na ugonjwa uko kwenye programu. Kasi isiporudi, mmeokoa gharama ya kusafishiwa Windows ambayo isingesaidia.

Mengine tuyapitie haraka. Wakati wa kupima, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litaonesha kichakato kinafanya kazi kwa asilimia ngapi. Kikigonga 100, tarakimu mliyopata ni ya kichakato, si ya intaneti, na mara nyingi msababishi ni programu ya kuzuia virusi au kivinjari chenye vichupo ishirini. Tundu la USB la kizazi cha kwanza, lenye dari ya megabiti 12, bado limo katika kompyuta chache sana. Jaribuni tundu jingine. Kwa wenye ruta za laini ya simu, kuihamisha ruta karibu na dirisha kumewasaidia wengi kuliko kubadilisha kifurushi.

Turudi kwa wale ambao vipimo vyao vimeonesha kwamba kosa liko nje ya nyumba. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Mpeni vipimo vyenu vikiwa na tarehe, saa, kifaa kilichotumika, kama ni kwa waya au waifai, na tarakimu za kupakua, kupakia na muda wa kwenda na kurudi, pamoja na picha za kioo. Dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko na jina la kifurushi kama lilivyo katika mkataba. Mhudumu akiwajibu kwamba kompyuta ni ya zamani, mwombeni kwa heshima aliandike jibu hilo, kisha mwonesheni vipimo vya alfajiri vya kompyuta hiyo hiyo. Msiporidhika, leteni Mamlaka nakala ya vyote hivyo. Lalamiko lisemalo tu “intaneti ni taratibu” tutalipokea, ila tutalazimika kuwarudisha nyumbani mkapime, na wiki moja itakuwa imepotea.

Mwalimu tuliyemtaja alileta ukurasa mmoja wa daftari wenye vipimo 18: siku tatu, mara tatu kwa siku, kwa kompyuta na kwa simu. Mtoa huduma alikiri kwamba mnara wa eneo lake ulikuwa ukielemewa kila jioni, akamhamishia kwenye mnara mwingine na kumfidia mwezi mmoja. Ile fomu ya mkopo hakuijaza. Mama wa steshenari alirudi kwenye kifurushi cha megabiti 10, akanunua waya, na kompyuta yake ya zamani ingali inafanya kazi.

Sasa naomba tuziwashe zile mlizokuja nazo. Nyaya tunazo za kutosha kwenye meza ya kushoto, na anayelipia data kwa kiasi atumie laini yetu asije akamaliza kifurushi chake hapa.